Mwongozo kamili: kufuatilia oksijeni inavyotembea ndani ya La2NiO4 kwenye kompyuta, na kwanini grafu yako inakataa

Wadau, miezi kadhaa sasa naletewa grafu zilezile mbili, za oksijeni zimesogea kiasi gani kadri muda unavyopita. Ya kwanza imelala chini kama mkeka, mwenye nayo analalamika oksijeni zake hazitembei kabisa. Ya pili imepaa moja kwa moja angani, ukipiga hesabu unakuta oksijeni ndani ya seramiki inakimbia kuliko maji kwenye glasi, na mtu kashaiweka kwenye ripoti! Zote zinatoka kwa watu ambao amri zao karibu zote ziko sawa, ila kuna sehemu tatu nne wanateleza palepale kila siku. Kwahiyo leo naandika mwanzo mpaka mwisho, historia ya hizi seramiki tunairuka.

La2NiO4 nimeichagua kwasababu ni oksidi ya matabaka inayoonekana vizuri: tabaka la nikeli na oksijeni, alafu tabaka la lanthani na oksijeni, alafu tena hivyohivyo kuelekea juu. Kwenye tabaka la lanthani kuna nafasi wazi, oksijeni za ziada zinajibana humo, na hizo ndizo zinazoifanya ipendwe kwa elektrodi ya upande wa hewa kwenye seli za fueli za oksidi ngumu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta yenye kori 4 na RAM ya GB 8. Inatosha, ila itapiga kazi usiku kucha.
- LAMMPS, programu ya kuigiza mwendo wa atomu, ni ya bure. Hakikisha imejengwa na kifurushi cha KSPACE, bila hicho nguvu za umeme za mbali hazihesabiki.
- OVITO ya bure, kwa ajili ya kuangalia atomu kwa macho.
- Python na numpy.
- Vigezo vya poteshali (fomula ya jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana) vya La–O, Ni–O na O–O vilivyotoka kwenye chapisho MOJA. Usichukue La–O huku na O–O kule, vigezo hivi vinapimwa vikiwa pamoja na ukivichanganya kristali inajinyonga taratibu bila hata kukupa erori.
- Umeme wa kuaminika, au ujanja wa kuishi bila huo (nitaueleza hatua ya 7).

## Hatua ya 1: Jenga selo ndogo

Kundi la ulinganifu ni I4/mmm, pande mbili za chini ni Å 3.86 (Å ni angstromu, sehemu moja ya kumi ya nanomita) na urefu wa kwenda juu kama Å 12.68. Namba za kwenye mabano ni sehemu ya kila upande wa selo. Lanthani ikae (0, 0, 0.36), nikeli (0, 0, 0), oksijeni za kiuno (0.5, 0, 0), na oksijeni za kilele (0, 0, 0.175).

Haya majina ya kiuno na kilele ni yangu, ila yatakusaidia. Kila nikeli imezungukwa na oksijeni 6: 4 ziko usawa wake, hizo ndio kiuno, 1 juu na 1 chini, hizo ndio kilele. Shika hii tofauti maana habari yote ya huu mwongozo iko kwenye kilele.

Ukipatia: atomu 14, yaani lanthani 4, nikeli 2, oksijeni 8. Ukipata 16 au 12 umekosea ulinganifu, usiendelee.

Rudufisha mara 10 × 10 × 4. Unapata selo 400, atomu 5600, boksi la kama Å 38.6 kwa 38.6 kwa 50.7. Usitumie boksi dogo la 3 × 3 × 1 eti kuokoa muda, upana wake ni kama Å 11.6 tu wakati umbali wetu wa kukatia nguvu ni Å 10, oksijeni itaishia kuongea na kivuli chake mwenyewe upande wa pili.

## Hatua ya 2: Ongeza oksijeni za ziada

Hapa ndio wengi wanapoanza kuharibu. Nafasi za ziada ziko (0.5, 0, 0.25) pamoja na ndugu zake wa ulinganifu, jumla 4 kwa kila selo, kwahiyo boksi zima lina nafasi 1600. Tunataka La2NiO4.125, yaani oksijeni 0.125 ya ziada kwa kila nikeli. Nikeli ziko 800, basi ni oksijeni 100.

Chagua nafasi 100 kwa bahati nasibu, ila weka sharti kwamba mbili zisikaribiane chini ya Å 5. Nafasi jirani kabisa zimeachana Å 2.73 tu, ukiacha bahati nasibu ikuchagulie peke yake utapata zilizobanana na mwanzo wako utakuwa wa vurugu.

Alafu usiziache atomu bila alama. Gawa aina 5: 1 lanthani, 2 nikeli, 3 oksijeni za kiuno, 4 oksijeni za kilele, 5 oksijeni za ziada. Kifizikia aina ya 3, 4 na 5 ni kitu kimoja na zitapewa vigezo vilevile, hizo namba ni kama sare za shule tu, zinakwambia kila mmoja alitoka wapi. Utanishukuru hatua ya 8.

Ukipatia: atomu 5700. Fungua OVITO, pima umbali kutoka oksijeni ya ziada mpaka oksijeni ya kilele iliyo karibu: kama Å 2.15, nazo ziko nne. Mpaka lanthani kama Å 2.4, nazo nne. Ukikuta Å 1 hapo, umeiweka juu ya mwenzake.

## Hatua ya 3: Chaji ziwe sifuri, sio karibu na sifuri

Kila oksijeni ya ziada inaleta chaji −2, lazima mtu ailipe, na anayelipa ni nikeli. Mpe kila nikeli +2.25 badala ya +2. Piga hesabu kwa kalamu:

Lanthani 1600 × 3 = 4800
Nikeli 800 × 2.25 = 1800
Oksijeni 3300 × −2 = −6600

Jumla sifuri. Ukisahau ukaacha nikeli kwenye +2 utabaki na −200, na LAMMPS haitakataa kuendelea, itakupa onyo la mstari mmoja tu kwamba chaji hazijasawazika alafu inaendelea na safari zake. Watu wengi hawasomi maonyo. Soma maonyo!

Kuna wanaotaka kuweka nikeli 200 za +3 na 600 za +2, hesabu inatoka ileile, ila ni ugomvi wa bure kwa mara ya kwanza. Anza na wastani.

## Hatua ya 4: Poteshali na shimo lake

Tunatumia Buckingham (kusukumana na kuvutana kwa karibu) pamoja na Coulomb (nguvu za chaji). Kwenye faili la amri inakuwa hivi:

```
units metal
atom_style charge
read_data la2nio4.data
pair_style buck/coul/long 10.0
pair_coeff * * 0.0 1.0 0.0
pair_coeff 1 3*5 (vigezo vya La-O)
pair_coeff 2 3*5 (vigezo vya Ni-O)
pair_coeff 3*5 3*5 22764.0 0.149 27.88
kspace_style pppm 1.0e-5
timestep 0.001
```

Mstari wa kwanza wa pair_coeff unazipa ayoni chanya zenyewe kwa zenyewe Coulomb peke yake. Namba ya kati iwe 1.0, ukiweka sifuri programu inagoma kwasababu itagawanya kwa sifuri.

Hizo namba za O–O ukizunguka kwenye machapisho ya oksidi utazikuta mpaka uzichoke. Ila nataka uone hatari yake kwa karibu. Chukua oksijeni mbili zilizo umbali wa Å 0.5. Sehemu ya kusukumana inatoa kama eV +794 (eV ni kipimo cha nishati). Coulomb inaongeza kama +115. Alafu sehemu ya mvutano, ile ya C ikigawanywa kwa umbali kipeo cha 6, inatoa −1784. Jumla kama −875. Yaani badala ya kusukumana zinanyonyana, zinadumbukia shimoni na haziwezi kutoka tena! Kabla ya shimo kuna ukuta wa nishati, ncha yake iko kama Å 0.8, ukianza ndani ya hapo umekwisha. Kwenye joto la kawaida la simulesheni huwezi kuuruka huo ukuta, una urefu wa eV kama 70, kwahiyo ukiona atomu zimelipuka jua uliziweka vibaya hatua ya 2, usianze kulaumu poteshali.

Halafu kitu kingine, vigezo vingi vya zamani vilitungwa pamoja na modeli ya ganda, ambapo oksijeni ina kiini na ganda vilivyofungwa kwa springi. Mi nashauri uanze bila ganda, hatua ya muda ya femtosekunde 1 inakubali. Ukiweka ganda itabidi ushuke mpaka kama 0.2 na usiku mmoja unakuwa wiki.

## Hatua ya 5: Tuliza kwanza

```
minimize 1.0e-8 1.0e-8 5000 50000
```

Ukipatia: nishati imeshuka ikatulia, na hakuna jozi ya atomu iliyo chini ya Å 1.8. Ikiwa ipo, rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 6: Pasha joto, acha boksi lipumue

```
velocity all create 1200 48213 mom yes
fix 1 all npt temp 1200 1200 0.1 x 0 0 1.0 y 0 0 1.0 z 0 0 1.0 couple xy
run 100000
unfix 1
```

Angalia hapo nimeachia z ijitanue kivyake na x na y zishikane. Wengi wanaandika iso kwa mazoea, boksi zima linatanuka kwa kiwango kimoja kila upande, sasa hii ni seramiki ya matabaka, upande wa juu hautanuki sawa na upande wa chini, ukiilazimisha unabana tabaka la lanthani na ndio barabara yenyewe ya oksijeni. Nimewahi kupoteza wiki mbili nzima kwa neno hilo moja.

Chukua WASTANI wa a na c wa nusu ya mwisho, usichukue picha ya mwisho tu maana boksi linacheza. Likitofautiana na vipimo vya maabara kwa zaidi ya asilimia 2 au 3, vigezo vyako vina walakini.

## Hatua ya 7: Mbio zenyewe

```
reset_timestep 0
group kiuno type 3
group kilele type 4
group barabara type 4 5
group lanta type 1
fix 2 all nvt temp 1200 1200 0.1
fix 3 all momentum 1000 linear 1 1 1
compute mb barabara msd
compute mk kiuno msd
compute ml lanta msd
thermo 1000
thermo_style custom step temp press c_mb[1] c_mb[2] c_mb[3] c_mk[4] c_ml[4]
dump 1 all custom 1000 njia.lammpstrj id type xu yu zu
restart 50000 a.rst b.rst
run 5000000
```

Mistari michache hapa inabeba kila kitu.

Kwanza, compute msd iandikwe HAPA, baada ya kutuliza. MSD ni wastani wa mraba wa umbali ambao atomu zimesogea, na mteremko wake ndio unatupa D, kasi ya difyusheni. LAMMPS inakumbuka mahali atomu zilipokuwa pale amri inaposomwa. Ukiiandika juu kabisa ya faili, inahesabu na kutanuka kwa boksi na mitetemo ya kupasha joto, grafu inaanza na mlima ambao sio difyusheni.

Pili, fix momentum. Ile grafu iliyopaa angani asilimia kubwa inatoka hapa. Kristali nzima inateleza polepole kama jahazi lililokata kamba, na MSD haijui tofauti ya atomu kuruka na jahazi kusogea. Dalili yake ni rahisi, lanthani nayo inapanda! Lanthani hapa haina ruhusa ya kwenda popote, kwahiyo c_ml lazima ipande kidogo ndani ya pikosekunde ya kwanza kwa mtetemo alafu ilale. Ikiendelea kupanda, ama boksi linateleza au kristali imevunjika, na D yako ni takataka.

Tatu, xu yu zu. Ukiandika x y z za kawaida, oksijeni ikitoka kulia inarudishwa kushoto na Python yako inadhani imeruka Å 38.

Nne, restart. Umeme ukikatika saa tisa usiku unaendelea kutoka a.rst au b.rst, yanaandikwa kwa kupokezana ili moja likiharibika lingine lipo. Ukiendelea tumia jina lilelile la compute na kundi lilelile, la sivyo MSD inaanza upya kutoka sifuri katikati ya mbio na grafu inakatika kama msumeno.

## Hatua ya 8: Kabla ya hesabu yoyote, angalia atomu

Hii ndio hatua ambayo hakuna anayeifanya na ndio hasa iliyonifanya niandike. Usichore mstari kabla hujaona atomu ikiruka.

Fungua njia.lammpstrj, ficha lanthani na nikeli, paka aina ya 4 bluu na aina ya 5 nyekundu. Fuatilia nyekundu moja. Itatetemeka palepale muda mrefu, utadhani imekufa, alafu ghafla inasogea kwenye kiti cha bluu jirani na ile bluu inasukumwa kwenda kwenye nafasi ya wazi upande wa pili. Ni daladala ya jioni kabisa: aliyesimama kakaa, aliyekuwa amekaa ndio kasimama, na konda hajali nani ni nani, abiria ni walewale.

Kwahiyo hesabu viti: mwisho wa mbio, kwenye zile nafasi za ziada zilizokaliwa, ni ngapi zina oksijeni ya aina ya 4? Mwanzoni ni sifuri. Zikichanganyika kabisa, oksijeni za ziada 100 kati ya 1700 za barabarani ni kama asilimia 6, basi katika viti 100 utakuta nyekundu kama 6 na bluu kama 94. Ukikuta bluu 3 baada ya nanosekunde 5, oksijeni hazijaruka vya kutosha, na hakuna mstari wa Python utakaokuokoa.

Na ukikuta za kiuno zimejaa kwenye nafasi za ziada kwenye joto la kawaida la kazi hii, shtuka. Kiuno huwa kinakaa kimya.

## Hatua ya 9: Toa D

Compute msd inatoa namba nne: x, y, z, na jumla. Usitumie jumla ukagawa kwa 6! Hiyo ni ya vitu vinavyotembea sawa pande zote. Hapa:

- D ya ndani ya tabaka = mteremko wa (x + y) ÷ 4
- D ya kwenda juu = mteremko wa z ÷ 2

Kubadili vipimo: Å² 1 kwa pikosekunde ni cm² 0.0001 kwa sekunde. Maji ya kawaida kwenye 25°C yako kama 2.3 × 10⁻⁵ cm²/s. Ukiyazidi hayo, rudi kwenye fix momentum.

Sasa ile grafu iliyolala. Tuseme D halisi ni 10⁻⁸ cm²/s. Nanosekunde 1 inakupa MSD ya ndani ya tabaka 4 × 0.0001 × 1000, yaani Å² 0.4. Mruko mmoja ukiupima ndani ya tabaka ni Å 1.93, mraba wake kama 3.7. Umeona? Kwa wastani atomu haijamaliza hata mruko mmoja, unachopima ni mtetemo. D ikiwa 10⁻⁷ nanosekunde ileile inatoa Å² 4, hapo angalau kuna cha kuzungumza. Mi sikubali mteremko wowote kabla (x + y) haijavuka 10. Kwahiyo ongeza muda au panda joto.

Kata mbio vipande 5, toa D ya kila kipande. Zikipishana mara mbili tatu, endelea kukimbiza.

## Hatua ya 10: Joto tofauti na kizingiti cha nishati

Rudia kutoka hatua ya 6 kwa K 1000, 1100, 1200, 1300 na 1400. Kila joto lina boksi lake, usibebe boksi la 1200 kwenda nalo 1400. Chora ln D dhidi ya 1/T, mteremko uzidishe kwa −8.617 × 10⁻⁵ upate kizingiti kwa eV.

Mtafiti Chroneos na wenzake mwaka 2010 kwa njia hii ya mienendo ya molekuli walipata eV 0.51, oksijeni zikitembea ndani ya tabaka kwa kusukumana hivyohivyo. Ukiwa karibu na 0.5 D yako inashuka kama mara 5 kutoka K 1400 mpaka 1000, hata kabla ya kuchora unaweza kuona kwa macho. Ikishuka mara 1.2 tu, kuna joto mojawapo limepima mtetemo au mteleko, mara nyingi ni lile la chini kabisa.

Kuhusu D ya kwenda juu, utaletewa namba na Python hata kama hakuna kitu, maana mstari ukilazimishwa kupita kwenye kelele utapita. Usiiripoti kama kipimo. Kama baada ya nanosekunde 5 z haijaongezeka hata Å² 0.05 juu ya mtetemo wake, piga 0.05 ÷ (2 × 5000), badili vipimo, andika kwamba D ya kwenda juu iko chini ya 5 × 10⁻¹⁰ cm²/s, na kwenye grafu weka kishale cha kuelekea chini badala ya nukta.